Kambwa mu Koti ya Papa Nzabonimpa

Ku Muheto, pale njia ya misioni inakutana na barabara ya kamio, zile lori za mizigo, kulikuwa ubao moja murefu yenye ililala juu ya mawe, mbele ya nyumba ya Mama Mukandori, muuzaji wa kahawa. Ile ubao bantu balikuwa banaiita Tribinali, juu hapana shauri hata moja ya kijiji yenye haikukatwa pale, na hapana hata moja yenye ilikatwa vizuri. Wenyeji wa ubao tulikuwa bane. Rukara tulikuwa tunamuita Kapita, juu aliongoza bantu ku shamba ya pareto ya muzungu mumoja mupaka magoti yake ilikataa, na alizoea kusema na kila muntu kama vile anamuhesabu. Floribert alikuwa Avoka, mwanasheria wetu: mara moja mu maisha yake aliitwa kuwa shahidi mu kesi ya mbuzi, na tangu ile siku hakurudia tena kusema kama muntu wa kawaida. Athanase alikuwa anapiga kengele ya misioni, na jina yake ilikuwa njo ile, Kengele. Miye mwenye ninawaambia hii, balikuwa bananiita Gazeti, na sitawaambia juu ya nini. Mwaka ilikuwa 1954, mu mwezi ya mvua, ile wakati kwetu Masisi jua inatokeaka tu kusalimia na kurudia ndani. Tulikuwa tunapuliza kahawa ya moto wakati tuliona Papa Nzabonimpa anashuka kilima.

Papa Nzabonimpa hakuwa muntu wa ubao. Alikuwa na ng'ombe, alikuwa na heshima, na alikuwa na kimya yenye ilitosha bantu watatu. Akipita, alikuwa anasema "Muamuke," na weye unabaki unajisikia kama umepewa kitu. Bibi yake, Mama Nyirabahire, alienda Ntoto tangu mavuno ya maharagi, kusaidia binti yao Vestine mwenye alikuwa anangojea muzao wa kwanza. Batoto bengine bote balikwisha kuondoka, moja ku masomo, wengine ku kazi. Kwa hiyo muzee alikuwa peke yake kule juu, yeye na ng'ombe.

Siku ile alivaa koti ndefu ya kiaskari, ya wakati ya vita, na alifunga vifungo vyote. Vyote isipokuwa kimoja.

— Papa Nzabonimpa, karibu, Kapita alisema. Lakini koti yako inapumua.

— Ni baridi.

— Baridi ya leo iko na masikio?

Na ni kweli, mu ile nafasi ya kifungo kulikuwa kumetoka masikio mbili zenye kusimama, kisha pua nyeusi, kisha macho yenye kutuangalia moja kwa moja, kama vile sisi njo tulikuwa tumefichwa.

Papa Nzabonimpa alikaa ku mwisho wa ubao. Hatukuwahi kumuona anakaa pale. Alilomba kahawa, akaishika na mukono moja, juu mukono ingine ilikuwa inashikilia tumbo ya koti.

— Nimekuja kulomba shauri, alisema.

Avoka alirudisha kofia yake nyuma, akakohoa.

— Tribinali imefunguliwa. Muzee aseme majina ya mushitakiwa.

— Ni hii kambwa.

Alituelezea polepole, kila neno kama anaitoa mu kisima. Muwindaji mumoja wa Kibua alipita kule juu, mvua ikamukamata, akalala kwake. Asubui alimuachia kambwa kwa kubadilisha na kibuyu ya maziwa. Ilikuwa ile mbwa ya pori ya Walikale yenye haibwekake. Bawindaji banazifungaka kengele ya muti ku shingo juu zisipotee mu majani. Inje hangeweza kukalaza, juu chui alikwisha kubeba mbwa ya jirani yake, karibu kabisa na rugo, ile uzio ya nyumba.

— Vizuri, Kapita alisema. Kanalala ndani. Shida iko wapi?

— Kanakojoa.

— Kila kitu yenye uhai inakojoaka.

— Mu nyumba.

— Wapi mu nyumba?

— Ku mulango. Chini ya kitanda. Ku kirago ya wageni. Alipuliza kahawa yake. Mu kiatu ya Misa.

— Kiatu ya Misa! Kengele alijifanya alama ya musalaba.

— Ya kushoto.

Tulicheka mupaka ubao ikayumba. Papa Nzabonimpa hakukasirika. Alingoja tumalize, kama muntu mwenye anangojea mvua ipite, kisha akasema:

— Na leo asubui, ku uruhimbi.

Hapo kicheko ilikatika. Kama hamujue, uruhimbi ni ile nafasi yenye mama mwenye nyumba anapangaka vyombo vya maziwa, kila chombo na kifuniko yake, na mugeni hagusake pale hata na kidole. Uruhimbi ya Mama Nyirabahire ilikuwa inajulikana. Bantu balikuwa banasema kama inzi ikifika pale, inaombaka samahani.

Mama Mukandori alitoka mu moshi, birika mu mukono.

— Papa Nzabonimpa, maziwa ya hii kahawa nilinunua kwa nani leo?

Sisi bane tuliangalia mu vikombe vyetu.

— Kwangu, muzee alisema. Lakini vyombo vilikuwa na vifuniko.

— Vifuniko viko juu, Papa. Miye ninauliza chini.

— Chini nilipanguza.

— Ulipanguza na nini?

Kengele aliweka kikombe yake chini ya ubao, pole sana, kama anaweka yai. Kapita alimalizia yake yote.

— Miye nilikunywa maji ya kambi ya pareto, alisema. Hii haina nguvu ya kuniua.

— Ninakuheshimu sana, Papa, Mama Mukandori alisema. Lakini bantu bakisikia hii, ni miye nitafunga mulango. Kama shauri haiishe, nitanunua maziwa kwa bengine. Usinichukie.

— Sikuchukie.

— Na Mama Nyirabahire? miye nikauliza. Anasema nini?

— Dereva wa kamio aliniletea habari yake. Vestine amezaa muvulana. Mama anarudia siku ya posho.

— Ninauliza juu ya mbwa. Anasema nini juu ya mbwa?

— Hajue kama kuko mbwa.

Tulimuangalia vile bantu banaangaliaka muntu mbele ya kufunika sanduku ya maiti. Kambwa nako kalimuangalia, mu koti, kichwa chini na macho juu.

— Karudishe Kibua, Kapita alisema.

— Hapana.

Ilikuwa neno fupi sana. Lakini Papa Nzabonimpa alilisema kwa haraka, na yeye hakuwa muntu wa haraka, na sisi bote tulisikia. Kwa hiyo tuliacha ile njia, tukaanza kazi.

— Basi ni rahisi, Kapita alianza. Apeli, kuita majina! Kila asubui, kelele, bote inje, mustari moja. Mwenye hakukojoa ku mustari, anakatwa mushahara.

— Mushahara gani?

— Maziwa! Unakapa maziwa wakati gani?

— Wakati kanalomba.

— Kanalomba namna gani? Si umesema hakabwekake?

Papa Nzabonimpa aliangalia kahawa yake.

— Kananiangalia.

— Na ukiangaliwa unatoa maziwa?

— Kidogo.

— Na usiku?

— Usiku kanaangaliaka zaidi.

Kengele alipiga goti yake na mukono.

— Njo pale! Haba na haba inajaza kibaba!

— Kengele, nikamuambia, ile methali ni ya bantu benye banaweka akiba.

— Na huyu anafanya nini? Si anaweka? Shida ni pahali anaiweka. Sikilizeni miye. Kitu yenye haikuingia haiwezi kutoka. Kafunge, kama Kwaresima. Hakuna maziwa, hakuna maji, mupaka Mama arudie.

Mukono ya Papa Nzabonimpa iliingia mu koti, ikabaki kule.

— Iko mutoto, alisema. Hata Kanisa haifungishe batoto.

Kengele, muntu wa misioni, alijifanya tena alama ya musalaba. Avoka alisimama. Avoka alikuwa anasimama tu wakati mambo ilikuwa mubaya.

— Bazee, munakimbilia hukumu na mushitakiwa hajasikilizwa. Papa, wakati ulikapiga, kalijua kosa yake?

— Sikukapiga.

— Hata kidogo?

— Nilikaambia.

— Ulikaambia nini?

— Nilikaambia, "Hapana."

— Mu luga gani?

— Mu Kinyarwanda.

Avoka alifungua mikono yake mbele ya barabara yote, kama vile barabara ilikuwa imejaa bantu.

— Kesi imekwisha! Mbwa wa Kibua! Amezaliwa kwa Banyanga, amesikia Kinyanga tangu tumbo ya mama yake, na munamuhukumu mu Kinyarwanda! Ingekuwa ni weye, Kapita, muzungu anakuambia "usikojoe" mu Kiflama, ungeacha?

— Ningeacha, Kapita alisema. Ile sauti ingetosha.

— Tunahitaji mukalimani!

Kengele alijua neno moja tu ya Kinyanga, na ilikuwa neno ya kununulia mafuta ya ngazi, ile ya mawese. Aliinama mbele ya koti, akaitamka kwa heshima. Kambwa kalipiga chafya.

— Kameelewa! Avoka akapiga kelele.

— Kameelewa kama mafuta iko bei kali, Kapita akajibu.

Hata Papa Nzabonimpa alicheka kidogo, na pua. Ile ilitupa moyo sana, na muntu mwenye kupata moyo ku Tribinali, unapaswa kumuogopa. Sasa ilikuwa nafasi yangu, na kweli, mupaka leo ninafikiri wazo yangu ilikuwa nzuri.

— Papa, nikasema, nyumba yako iko ya nini?

— Ya kulala.

— Hapana, juu iko nini?

— Majani.

— Ku ukuta?

— Miti.

— Chini?

— Mama anapakaka mavi ya ng'ombe.

— Na inje? Majani, miti, mavi ya ng'ombe! Ile kambwa itatofautisha na nini? Kwa yeye, mulango ni muti tu yenye imekatwa vibaya. Haikosei. Inafikiri iko mu pori.

Mama Mukandori mwenyewe aliacha kupuliza moto. Avoka ndiye alinyanganya wazo yangu mbele sijaipumzisha.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

— Ile inaingia wapi? Kengele akauliza.

— Inaingia chini ya kitanda, pale kanakojoaka. Sikilizeni. Kama kambwa hakajue nyumba ni nini, tutakaonyesha namna gani? Kanapaswa kuona muntu anaishi. Sasa, muzee analala mu nyumba, na kambwa kanafikiri analala mu pori. Basi muzee alale inje!

— Na chui? nikauliza.

— Kapita atamulinda.

— Nani amesema? Kapita akauliza, lakini wazo ilimupendeza, nilimuona. Hapana, ngoja, iko na akili. Atoe kitanda inje. Atoe na kirago. Atoe na uruhimbi. Halafu kambwa kanaona, aha, kumbe bantu banakaaka hapa, hapa hatukojoake.

— Na kanaenda kukojoa wapi?

— Kule hapana bantu.

— Kule hapana bantu ni wapi, Kengele akasema, kama si mu nyumba?

Tulifikiri. Tulizunguka ile jambo kama vile kuku inazungukaka mwamba. Ilikuwa kweli. Kwa ile njia, kambwa kangejifunza vizuri kabisa kukojoa mu nyumba.

— Basi, Avoka alisema, na sauti yake ilikuwa ya muntu mwenye ameona nuru, muzee akaachie ile nyumba. Ajenge ingine.

Sasa nitawaambia kitu yenye ilituogopesha. Papa Nzabonimpa hakukataa. Aliweka kikombe, akaangalia kilima yake, kule juu mu ukungu, akauliza:

— Kujenga, na hii mvua, itachukua muda gani?

Hapana muntu alicheka. Tulijua sasa kama hii haikuwa shauri ya kiatu. Ningetaka kuwaambia kama tulipata neno ya hekima ya kumupa, lakini tulikuwa sisi, na tungemujengea ile nyumba, ninaapa, kama kamio haingefika.

Ilitoka upande ya Walikale, matope mupaka ku kioo. Ilisimama pale penye kusimamaka. Kulitoka magunia ya muchele, kulitoka mikungu ya ndizi, kulitoka kuku, na nyuma ya kuku, mwenye kushika kitambaa ku kichwa na kapu ku mukono, alishuka Mama Nyirabahire.

Papa Nzabonimpa alisimama. Kisha alikaa. Kisha alifunga ile kifungo.

— Muamuke, Mama Nyirabahire alitusalimia.

— Mbele ya posho! Papa Nzabonimpa alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

— Nimepata nafasi mu kamio. Vestine anabaki kwanza, mutoto iko na kikohozi kidogo. Ni muzuri, mutoto. Iko na kichwa yako. Aliweka kapu chini. Na weye, Papa Vestine, tangu wakati gani unakaaka ku Tribinali?

— Nilikuwa ninapita.

— Na tangu wakati gani tumbo yako inatembea?

Koti ilikuwa inatembea kweli. Ilipanda, ikashuka, ikageuka. Na mu kola, chini ya kidevu ya muzee, kulitokea masikio mbili.

Mama Nyirabahire alikuwa mwanamuke mufupi, na macho yake ilikuwa ya muntu mwenye anapimaka maziwa tangu zamani. Aliangalia kambwa. Kambwa kalimuangalia.

— Mama, Avoka alianza, kabla ya kusema kitu, Tribinali inaomba kutambua kama mushitakiwa hasikie Kinyarwanda.

— Sikusema na weye, Floribert.

Avoka alikaa. Lakini ile haikutuzuia. Tulikuwa na hofu, na muntu mwenye hofu anasema sana. Kapita alimuelezea apeli. Kengele alimuelezea Kwaresima. Miye nilimuelezea majani na miti, na nilipoona uso yake, nilimuelezea mara ingine. Mama Mukandori ndiye alisema neno "uruhimbi", na ilikuwa vizuri aliisema yeye, juu kwetu sisi hapana mwanaume alikuwa na ile nguvu. Mama Nyirabahire alifunga macho kidogo, akafungua. Alisikiliza bote mupaka mwisho. Kisha alimuuliza bwana yake:

— Na inje, kanaendaka wakati gani?

Dereva alizima moteri ya kamio.

Kapita aliangalia Avoka. Avoka aliangalia Kengele. Kengele aliangalia miye, na miye niliangalia kikombe, na kikombe ilikuwa tupu. Tulikuwa tumekaa pale tangu mvua ikatike. Tulikuwa tumeita mukalimani, tumefunga Kwaresima, tumehamisha kitanda, tumejenga nyumba ya pili. Lakini hakuna mumoja wetu mwenye alikuwa ameuliza ile.

— Papa Vestine, alisema tena, polepole. Ninauliza. Asubui, nani anafunguliaka hii mbwa mulango?

— Kuko chui, muzee alisema.

— Asubui?

— Chui ilikula mbwa ya jirani.

— Usiku. Nilikuwa ningali nyumbani wakati ile ilifika, nilisikia kelele na weye ulilala. Ninauliza mu muchana. Jua iko juu, ng'ombe zimetoka, bantu banapita. Mulango?

— Ninaifunga.

— Na kambwa ndani?

— Na kambwa ndani.

— Na weye unaenda wapi?

— Siendake mbali. Miye pia ninabaki ndani.

Mama Nyirabahire alikaa ku ubao, kando yake. Hapana mama alikuwa amekaa pale mbele ya siku ile, isipokuwa Mama Mukandori akihesabu vikombe. Sisi tulisogea mupaka Kengele akaanguka ku mwisho, na hakulalamika.

— Juu ya nini unaifunga? aliuliza, na sasa sauti yake haikuwa ile ya uruhimbi.

Papa Nzabonimpa aliangalia kichwa ya kambwa.

— Nikifungua, kataenda.

— Kataenda wapi?

— Sijue. Kibua. Ntoto. Aliinua mukono, akaonyesha barabara yote, huku na huku. Kule bantu banaendaka.

Kapita, mwenye alikuwa na neno ya kila jambo, aliinama kufunga kamba ya kiatu, na siku ile alivaa viatu bila kamba. Miye nilikumbuka mara ngapi nilipita chini ya ile kilima tangu mavuno ya maharagi, na moshi moja ndogo kule juu, na sikupanda hata kusalimia, juu nilifikiri muntu mukimya anapendaka kimya.

Mama Nyirabahire alichukua kona ya kitambaa yake, akapanguza matope ku mukono ya koti. Matope haikutoka. Aliendelea kupanguza.

— Basi miye niko hapa, alisema.

— Ninaona.

— Na ni kamio ndiyo ilinirudisha. Hapana muntu alinifunga kamba.

— Ninaona, Mama Vestine.

— Kaweke chini.

— Hapa? Ku barabara?

— Kaweke chini, Papa Vestine.

Alifungua vifungo moja kwa moja. Nimeona bantu wanatoa ng'ombe ya mahari kwa haraka kuliko ile. Kambwa kalitoka, ka rangi ya majani kavu, mukia yenye kujikunja kama sikio ya kikombe, miguu ya mbele myeupe. Alikaweka mu majani, kando ya ubao, na vidole vyake vilibaki juu ya mugongo yake, kisha viliondoka.

Kambwa kalisimama. Kaliangalia barabara upande ya Walikale. Kaliangalia barabara upande ingine. Kalinusa kapu ya Mama, kalinusa kiatu ya Avoka, na Avoka aliondoa muguu kwa heshima yote. Kalizunguka mara moja, kalizunguka tena. Kisha, mbele ya Tribinali yote, mbele ya dereva na bantu ba kamio, kalikunja miguu ya nyuma mu majani na kakakojoa.

Kalikojoa muda murefu. Kengele alivua kofia.

— Bravo! Kapita alisema.

— Usikatishe, Mama Mukandori akamunyamazisha.

Na wakati ilikwisha, tulipiga makofi kama vile monsenyeri, askofu mwenyewe, amepita. Kambwa kalishituka, kakaruka, na Papa Nzabonimpa naye aliruka, mikono mbele. Lakini kalikimbilia tu chini ya ubao, kati ya viatu vyake viwili, na kakakaa pale kanatuchungulia.

— Mukandori, dada yangu, Mama Nyirabahire alisema, akisimama. Kesho maziwa nitapima miye. Na ile nafasi, leo nitaifanya upya yote, mavi mupya, maji ya moto, kila kitu. Ukipenda, uje uone na macho yako.

— Nitakuja, dada. Si kwa kuona. Kwa kusalimia.

— Njo vizuri. Aligeukia sisi. Na nyinyi, bazee wa hekima. Nyumba ya pili, mulikuwa munaijenga wapi?

Alicheka sasa, mara ya kwanza, akashika kapu, akaanza kupanda kilima. Papa Nzabonimpa aliinama kukamata kambwa.

— Hapana, Mama alimuambia bila kugeuka. Katembee. Kako na miguu ine, inashinda yako.

Kwa hiyo balipanda. Mama mbele, Papa nyuma, na kambwa nyuma ya Papa, kanasimama ku kila jani. Muzee hakugeuka hata mara moja. Alikuwa na heshima yake. Lakini tuliona anatembea polepole sana, kwa mwendo wa miguu mifupi, na masikio yake ilikuwa nyuma.

Musifikiri kambwa kalijifunza ile siku. Mbwa siyo katekismu. Mama alikuwa anafungua mulango asubui, kisha chakula, kisha usingizi, na katikati ya ile kulikuwa makosa mingi, juu mvua kubwa ikinyesha kambwa kalikuwa kanachungulia inje, kanageuka, na kanamaliza kazi yake nyuma ya mulango. Lakini uruhimbi haikuguswa tena, na Mama Mukandori alibaki na maziwa yake, na Kengele alirudia kunywa.

Miye nilipanda kule kabla ya Noeli. Nilikuwa nimejiambia kama sitapita tena chini bila kupanda. Ilikuwa asubui, ukungu, mvua ndogo ya sindano. Mbele ya nyumba, mulango wazi nyuma yake, Papa Nzabonimpa alikuwa amesimama bila viatu mu matope, koti ku kichwa, ameinama.

— Haya, alikuwa anasema, mu Kinyarwanda, na sauti yenye sikuwahi kumusikia nayo. Haya, muzuri wangu. Haraka. Baba anasikia baridi.

Nilikohoa. Alisimama wima kama mulingoti.

— Gazeti. Muamuke.

— Muamuke, Papa. Iko mvua.

— Iko. Ninaangalia ng'ombe.

Ng'ombe zilikuwa zimekwisha kuvuka kilima ingine. Tuliangalia pamoja upande ile yenye haikuwa na kitu, bantu wazima wawili, mu mvua. Mu majani, karibu na muguu yake, kulisikika kasauti kadogo ka maji.

Na mu nyumba, Mama Nyirabahire akaita:

— Papa Vestine! Kamekojoa?

Muzee aliniangalia. Aliangalia kambwa. Niliona heshima yake yote inapigana mu uso yake. Kisha yule muntu mwenye kimya yake ilitosha bantu watatu alifungua kinywa, na sauti yake ilishuka kilima mupaka ku barabara ya kamio:

— Kamekojoa!